Hergest Ridge (1974): niliisikiliza mara mbili nikaiweka kabatini. Miaka kumi na saba baadaye naomba tuijadili upya

#1 — Upande_B (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Naleta mada ya albamu niliyoikosea. Ni Hergest Ridge ya Mike Oldfield, ya mwaka 1974, kazi yake ya pili. Ni muziki wa ala tupu, vipande viwili tu, kimoja kila upande wa santuri: cha kwanza dakika 21 na ushei, cha pili karibu dakika 19. Niliinunua nikiwa kijana, nikaisikiliza mara mbili, nikaiweka kabatini. Ikakaa humo miaka kumi na saba.

Sababu naikumbuka vizuri. Nilikuwa nimetoka kwenye Tubular Bells, albamu yake ya kwanza, na bado nina kiu. Ile ya kwanza kila baada ya dakika chache inakuletea mgeni mpya mlangoni: kinanda, gita linalokwaruza, mara mtu anatangaza majina ya ala moja baada ya nyingine, mwisho kengele ndefu zinagongwa na unajua kabisa umefika kileleni. Nikategemea ya pili iendelee palepale. Nikakuta mvumo wa kinanda, filimbi juu yake, na tuni moja inayotembea taratibu kama mtu asiyefukuzwa na kitu. Dakika ya sita bado ile ile. Dakika ya kumi nikaanza kungoja. Nikangoja mpaka ikaisha.

Miezi michache iliyopita nilikuwa napiga pasi usiku, nimeiacha simu icheze kazi za Oldfield kwa mfuatano wa miaka. Tubular Bells ikaisha, sikubadilisha. Baada ya muda nikajikuta nimeisimamisha pasi na nimetulia kimya. Tarumbeta lilikuwa linalia kwa mbali, na nilijua kwamba tuni ile naifahamu, ila sikujua nimeisikia wapi. Nikarudisha nyuma. Ilikuwa ni ile ile ya filimbi ya mwanzo, imerudi imevaa nguo nyingine. Yaani ule ujana wangu wote niliokuwa nangoja kitu kitokee, kilikuwa kinatokea.

Kwa wasioijua historia yake. Tubular Bells ilitoka tarehe 25 Mei 1973, ikiwa albamu ya kwanza kabisa ya lebo ya Virgin, na kijana aliyepiga karibu ala zote humo alikuwa ametimiza miaka 20 siku kumi tu kabla. Mwisho wa mwaka huo kipande chake cha mwanzo kikasikika kwenye filamu ya The Exorcist, jina likavuka mpaka Marekani. Mwenyewe hakuwa na kifua cha kubeba umaarufu. Mahojiano hakuyataka, ziara za majukwaani hakuzitaka. Akahamia nyumba iitwayo The Beacon, karibu na mji mdogo wa Kington, mkoa wa Herefordshire, kule Uingereza inakopakana na Wales. Jirani na hapo kuna kilima kirefu chenye mgongo wa nyasi tupu, kama mita 426 kutoka usawa wa bahari. Mpaka unapita juu yake, na njia ya waenda kwa miguu ya Offa's Dyke inafuata mgongo huohuo. Kilima hicho ndicho Hergest Ridge. Alikuwa anapanda huko kurusha ndege ndogo za mfano, zile zisizo na injini. Ndege ya namna hiyo imo kwenye picha ya jalada, pamoja na mbwa mkubwa aitwaye Bootleg.

Natoa maelezo haya yote kwa sababu moja. Nilipokuwa kijana niliona jina la albamu kama neno tu. Sasa naliona kama maelekezo ya namna ya kusikiliza. Tubular Bells inakupitishia ala mbele yako moja moja, wewe umekaa kitako unatazama. Hergest Ridge inakupandisha kilimani asubuhi na kukuacha huko. Kilima hakisogei. Kinachobadilika ni upepo, ukungu, jua likitoka na kujificha, na ukienda pale ukiwa na hamu ya matukio utashuka umechoka bure.

Hoja yangu kwa hiyo: hii albamu ilipuuzwa bure. Haikushindwa kuwa Tubular Bells ya pili. Haikuwa inajaribu. Sisi ndio tuliipima kwa kibaba kisicho chake.

Nitarudi kuzungumzia ile dhoruba ya upande wa pili, ambayo inahitaji post yake peke yake. Karibuni, hasa mnaopinga.

#2 — Msikilizaji_Mkimya

Naweka kambi hapa.

#3 — Nyuzi_Sita

Mkuu Upande_B, umeandika vizuri lakini nitapingana nawe mambo mawili.

La kwanza, unaposema ilipuuzwa. Albamu hii ilishika namba 1 kwenye chati ya Uingereza. Ikipuuzwa namna hiyo basi na mimi nipuuzwe.

La pili ni muziki wenyewe. Mimi napiga gita, na nakubali kuna dakika nzuri sana. Lakini upande wa kwanza una sehemu ambazo nahisi mtunzi mwenyewe amekwama. Anarudia kifungu mara nne, anaongeza ala, anarudia tena mara nne. Hiyo si subira, ni uchovu. Kijana alikuwa ametoka kwenye kazi iliyomkamua, lebo inataka nyingine upesi, akatoa alichokuwa nacho. Nasema haya kwa heshima, kwa sababu mwaka uliofuata akatoa Ommadawn, na humo kurudiarudia kule kule kunapanda mpaka nywele zinasimama. Kwangu Hergest Ridge ni mazoezi ya Ommadawn.

#4 — Upande_B (mleta mada)

Ndugu Nyuzi_Sita, asante kwa kuja na hoja.

La chati uko sahihi, na lenyewe linanisaidia. Albamu ilitoka mwishoni mwa Agosti 1974, ikaingia namba 1, ikakaa wiki tatu. Nani aliyeitoa pale juu? Tubular Bells. Ile ya kwanza ilikuwa imezunguka kwenye chati zaidi ya mwaka bila kufika kileleni, ikafika Oktoba 1974 kwa kumsukuma mdogo wake. Wasanii waliowahi kujipokea wenyewe kwenye namba 1 ni wachache mno. Kwa Oldfield lazima ilikuwa fahari, lakini tazama maana yake kwa albamu: watu waliinunua kwa jina la kaka, na wiki tatu baadaye wakarudi kwa kaka. Wakosoaji wengi nao waliipokea kwa ubaridi, na habari ya kwamba hilo lilimuumiza inajulikana. Kupuuzwa ninakokusema si kwa mauzo. Ni kwamba ilinunuliwa na wengi, ikasikilizwa na wachache.

La pili siwezi kukubali. Chukua sehemu moja unayoiona ya uchovu, zima kila kitu, fuata besi peke yake. Tuni ya juu inarudi vilevile, lakini chini yake besi imehama, na kwa kuhama kwake tuni ile ile ambayo mwanzo ilikuwa kama swali inakuwa kama mtu anayejibu. Mtunzi aliyekwama hafanyi hivyo.

Ommadawn naipenda kuliko ninavyoweza kusema. Lakini kuita kazi moja mazoezi ya nyingine ni kuiondolea haki ya kuwa yenyewe. Ommadawn inapanda mpaka ilie. Hii haitaki kulia, na kwa wengi wetu hilo ndilo gumu.

#5 — Dada_Zumari

Nimesoma kimya kwa muda mrefu kwenye jukwaa hili, ila hapa nimeguswa pabaya, maana mimi ni mpiga zumari.

Hakuna anayetaja zumari za kwenye albamu hii! Ziko mbili: June Whiting na Lindsay Cooper. Lindsay huyu ndiye aliyejiunga na bendi ya Henry Cow mwaka huohuo wa 1974, mwanamke aliyekuja kuandika muziki mgumu na mzuri mno. Hapa amekuja kama mgeni tu, anapiga mistari mirefu, hajionyeshi hata kidogo.

Naomba niwaeleze kwa nini ala hii ilifaa. Zumari ya Ulaya, yaani oboe, ina ulimi wa vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja. Tundu la kupitisha pumzi ni dogo mno, kwa hiyo tatizo letu si kuishiwa pumzi, bali pumzi kujaa kifuani ikakosa pa kutokea. Matokeo yake tunaweza kushika noti ndefu kuliko wapulizaji wengi, na sauti yake ina makali yanayopenya ala nyingine hata ikipulizwa polepole. Sasa weka sauti hiyo juu ya mvumo wa kinanda usiokatika. Kinanda kinatandaza, zumari inachora mstari mwembamba juu yake. Ungeweka filimbi pekee, ingeyeyuka. Ungeweka fidla, ingekuwa tamu kupita kiasi.

Halafu zikiwa mbili, hata wapigaji wawe hodari vipi, hazilingani kwa asilimia mia. Kuna kutetemeka kidogo kati yao. Ukisikiliza vizuri, ule utetemekaji ndio unaofanya muziki uonekane uko nje, kwenye hewa, hauko ndani ya kuta za studio.

Kwa hiyo kaka Nyuzi_Sita, unapoisikia ikirudia mara nne, jaribu kusikiliza nani anarudia.

#6 — Nyuzi_Sita

Dada, hilo la pumzi kujaa sikulijua. Nitairudia leo usiku nikiwa na masikio yako.

#7 — Upande_B (mleta mada)

Dada_Zumari, umenifungulia mlango ambao sikujua upo. Karibu sana, na usirudi kwenye ukimya.

Niongeze waliobaki, maana hii albamu si ya mtu mmoja kama watu wanavyodhani. Ndugu zake wawili wamo: Terry Oldfield kwenye ala za kupuliza za mbao, Sally Oldfield kwenye sauti akiwa na Clodagh Simonds. Tarumbeta ni la Ted Hobart. Ngoma ya snea ni Chili Charles. Kwaya na nyuzi zimeongozwa na David Bedford, mtunzi aliyesomea muziki wa kiklasiki, ambaye yeye na Oldfield walifahamiana kwenye bendi ya Kevin Ayers, The Whole World, huku Oldfield akiwa bado kijana mdogo akipiga gita la besi. Mengine karibu yote ni Oldfield mwenyewe: magita, mandolini, vinanda vya Farfisa, Lowrey na Gemini, timpani, gongo, hata kibanio cha kuvunjia karanga kimeandikwa kwenye orodha ya ala. Na njuga. Njuga zile ndogo za kuchangamsha, zinaingia upande wa kwanza na kwa dakika chache kilima kizima kinatabasamu.

Sasa dhoruba.

Upande wa pili unaanza kwa upole kuliko hata wa kwanza. Gita la nyuzi za kawaida, sauti za kina dada wale wawili zikielea. Unajihisi umefunikwa blanketi. Halafu bila kukuonya sana yanaingia magita ya umeme, na si mawili wala matatu. Ni tabaka juu ya tabaka, yote ya mkono uleule, yanachapa kwa pamoja mfululizo kwa dakika kadhaa bila kupoa.

Nilipokuwa kijana hapa ndipo nilipopenda kidogo, kwa kuwa nilidhani sasa roki imefika. Lakini nilikosea hata kwenye kupenda kwangu. Nilikuwa namtafuta mpiga gita: solo iko wapi, nani anajitokeza mbele? Hakuna wa kujionyesha. Kila gita limezikwa ndani ya mengine. Ukikazana kufuata moja linakuponyoka, unashika jingine, nalo linakuponyoka. Ni sawasawa na kujaribu kutazama tone moja la mvua katikati ya mvua.

Fikirini kazi yake. Enzi hizo hakuna kompyuta ya kunakili kifungu na kukibandika mara arobaini. Kila tabaka lazima mtu alipige kuanzia mwanzo mpaka mwisho, huku akisikia yaliyotangulia, kwenye utepe. Traki zikijaa unazimimina pamoja kwenye traki moja ili upate nafasi, na kila unapomimina mchakacho wa utepe unaongezeka kidogo, na yale uliyoyamimina huwezi tena kuyatenganisha. Ni uamuzi usio na marejeo. Kijana wa miaka 21 amejifungia The Manor, ile studio ya Virgin pale Shipton-on-Cherwell, Oxfordshire, anajenga ukuta wa namna hiyo kwa mikono, tofali kwa tofali, yeye na Tom Newman waliyeshirikiana kuiprodyuzi.

Halafu inakatika. Na kinachofuata baada ya kukatika, ile dakika ambapo masikio bado yanavuma na tuni ya kale inaanza kurudi kwa upole na nyuzi nyuma yake, ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote kwenye muziki wa mtu huyu. Ila kina nguvu kwa sababu umepigwa na mvua kwanza. Nimejaribu kukisikiliza peke yake. Hakifanyi kazi.

#8 — Fundi_Mitambo

Wakuu, mjadala mtamu, lakini kuna jambo nashangaa halijaguswa mpaka post ya nane. MNASIKILIZA IPI?

Maana Hergest Ridge ziko tatu. Kuna miksi (yaani namna sauti za ala zilivyochanganywa pamoja) ya 1974, iliyotoka kwenye santuri na kushika namba 1. Kuna miksi ya 1976, iliyotengenezwa kwa ajili ya boksi la santuri nne liitwalo Boxed, lililokuwa la mfumo wa kwadrafoniki, yaani spika nne pembe nne za chumba. Na kuna ya 2010, Oldfield alipoifanya upya yeye mwenyewe.

Jambo la msingi ni kwamba Oldfield hakuridhika na ile ya 1974. Baada ya Boxed aliomba miksi ya 1976 ndiyo itumike. Kwa hiyo CD zilizotoka kabla ya 2010 zina ya 1976. Kizazi kizima cha wasikilizaji wa CD, nadhani na wewe mleta mada ukiwemo, hawajawahi kusikia kile Waingereza walichokinunua Agosti 1974. Ilibidi tungoje toleo la 2010 la diski kadhaa, ambalo diski yake ya pili ndiyo imebeba miksi ya kwanza pamoja na majaribio ya awali.

Tofauti si ndogo. Ya 1976 imepunguzwa idadi ya ala zinazopiga kwa wakati mmoja. Vingine vimesukumwa nyuma, vingine havipo. Ni safi, ina nafasi, unaona mbali. Ya 1974 imejaa. Kwa masikio yangu ina ukungu, na nasema ukungu kama sifa.

Kwa hiyo huenda hukuikosea albamu. Huenda uliihukumu haki kabisa, ila ilikuwa albamu nyingine.

#9 — Upande_B (mleta mada)

Fundi, nimetoka kuangalia. CD yangu ya ujana ni ya kabla ya 2010. Na iliyokuwa inacheza usiku ule wa pasi ni ya 1974, kutoka kwenye lile toleo.

Nimekaa na hili jambo siku mbili kabla ya kujibu. Nikachukua zote mbili, nikazipanga zianze pamoja, nikawa nahama huku na kule kila baada ya dakika. Naleta niliyoyaona.

Kwenye ya 1976 tarumbeta limesimama peke yake, zuri, linaonekana wazi. Kwenye ya 1974 limezungukwa, kuna vitu vinasogea nyuma yake ambavyo huwezi kuvitaja majina. Nilipokuwa kijana na CD ile, nilikuwa naona kila ala ikiingia na kutoka, kwa hiyo nilikuwa nahesabu. Ukihesabu muziki wa namna hii unachoka. Kwenye ya 1974 hakuna cha kuhesabu.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya miksi, Fundi. Tangu siku ile nimeisikiliza ya 1976 mara tano au sita na sasa naipenda nayo. Kwa hiyo miksi ilinifungulia mlango, ila aliyekuwa ameufunga ni mimi.

#10 — Mzee_wa_Kinanda

Vijana wangu, nawasalimu.

Nimewafuatilia. Niseme neno upande wa Oldfield, maana naona mnaelekea kumhukumu kwa kubadilisha kazi yake.

Kazi ni ya aliyeitunga. Kama alisema ya 1974 imejaa mno na haikuwa alichokikusudia, sisi ni nani kumwambia hajui? Tuliopata kukaa studio tunajua namna saa za usiku zinavyomdanganya mtu. Unaongeza ala kwa sababu unaogopa, si kwa sababu wimbo unataka. Miaka miwili baadaye masikio yametulia, hofu imekwisha, unaona pa kupunguza. Kwangu miksi ya 1976 ni kazi ya mtu aliyeacha kuogopa.

Na halikuwa jambo geni. Sibelius, mtunzi wa Ufini, alitoa simfonia yake ya tano mwaka 1915, akaifumua 1916, akaifumua tena mpaka 1919 ndipo akaridhika. Leo dunia inapiga ya 1919. Ya 1915 ipo, wataalamu wanaisikiliza kwa heshima, lakini hakuna anayesema Sibelius alitunyima haki.

Namtaja Sibelius kwa makusudi. Wanaoifananisha albamu hii na roki ya wenzake wa wakati ule wanapotea njia. Isikilizeni mkiwa na ile simfonia kichwani: kijisehemu kidogo cha tuni kinachokua taratibu mpaka kinakuwa mlima, na huwezi kuonyesha kwa kidole ni wapi kilipobadilika. Oldfield yuko huko.

#11 — Fundi_Mitambo

Mzee shikamoo. Mfano wa Sibelius nimeupokea kwa mikono miwili, na haki ya mtunzi siipingi.

Ninachopinga ni kufunga kabati. Sibelius alipofumua, waliokuwa ukumbini 1915 walibaki na kumbukumbu tu. Lakini santuri ni kitu. Watu waliinunua, wakaishi nayo, wakaoa nayo, wakazika nayo wazazi wao. Ukiibadilisha kimyakimya chini ya jina lilelile na jalada lilelile, mtu ananunua CD ya albamu yake ya ujana anakuta tarumbeta limehama, anadhani kumbukumbu zake ndizo zimeharibika. Zitoke zote mbili na ziandikwe wazi ipi ni ipi. Toleo la 2010 lilifanya hivyo, na kwangu hapo ndipo haki ilipotendeka kwa pande zote.

Na kwa nini ya 1976 ilipunguzwa, mimi kama fundi naona sababu nyingine isiyo ya hofu wala ujasiri. Kwenye spika nne lazima kila ala iwe na pa kukaa. Muziki uliobanana hauna pembe. Ukitaka msikilizaji azungukwe, inabidi uache hewa katikati. Kisha matokeo yale yale ukiyarudisha kwenye spika mbili, hewa ile inabaki kama uwazi. Huo ni mtazamo wangu.

#12 — Mzee_wa_Kinanda

Marahaba mwanangu. La kuandika wazi ipi ni ipi, hapo tumekutana.

#13 — Nyuzi_Sita

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Dada_Zumari, nimezifuata zumari peke yake upande wote wa kwanza, nikitumia miksi ya 1974. Natengua nusu ya niliyosema. Kule kurudia mara nne nilikokuita uchovu, mara ya tatu zumari inaingia nyuma ya tuni kwa kuchelewa, na kwa kuchelewa huko inabadilisha mahali mkazo unapoangukia. Nilikuwa nasikiliza noti za juu tu, kama wapiga gita wengi tunavyofanya.

Nusu nyingine nabaki nayo. Bado naona kuelekea katikati ya upande wa kwanza kuna kiungo kati ya sehemu mbili ambacho hakijaunganika, kimeshonwa tu. Na bado Ommadawn ni kubwa zaidi. Lakini neno mazoezi nalifuta.

Swali kwa Upande_B: iliwahi kupigwa jukwaani?

#14 — Upande_B (mleta mada)

Nyuzi_Sita, kiungo hicho nakijua na sitakitetea. Kipo.

Kuhusu jukwaani: kwa umbo la santuri sijawahi kusikia, ila David Bedford aliiandika upya kwa ajili ya okestra nzima, kama alivyofanya kwa Tubular Bells. Ya Tubular Bells ikatolewa kama albamu mwaka 1975. Ya Hergest Ridge haikupata bahati hiyo, hata hapo ikabaki nyuma ya kaka yake. Vipande vyake vinasikika kwenye The Space Movie ya Tony Palmer ya 1979, filamu iliyotengenezwa kuadhimisha miaka kumi ya binadamu kutua mwezini. Picha za NASA, chombo kinaelea gizani, na chini yake muziki ulioandikwa kwa ajili ya kilima cha nyasi. Unakaa vizuri ajabu. Nadhani ni kwa sababu ya ule utulivu wa kutoharakisha. Bedford huyohuyo ndiye aliyeshughulikia okestra ya bendi ya Camel kwa kazi yao ya ala tupu ya 1975, kwa wanaopenda kufuatilia nyuzi za namna hii.

#15 — Msikilizaji_Mkimya

Wakuu, nimevunja kambi kidogo niulize. Nimejaribu mara mbili tangu uzi uanze, kila mara nakwama dakika ya saba. Si kwamba ni mbaya. Mawazo yanatoka tu, nakumbuka kazi za kesho. Nifanyeje?

#16 — Dada_Zumari

Yaache yatoke, mpendwa. Mimi mwenyewe yananitoka. Ukirudi, tuni bado itakuwa pale.

#17 — Upande_B (mleta mada)

Naunga mkono alichosema dada. Naongeza tu mambo ya vitendo: usianze na hedifoni, anza na spika, sauti ya wastani, ukiwa unafanya kazi ya mikono isiyohitaji akili. Chukua miksi ya 1974. Usikatishe kati ya upande wa kwanza na wa pili zaidi ya muda wa kugeuza santuri. Na dhoruba ikianza, usipunguze sauti.

#18 — Msikilizaji_Mkimya

Nimeosha vyombo nayo, vyote, na masufuria. Dakika ya saba sikuiona ilipopita.

Ile dhoruba ilipokatika nilikuwa nimezima bomba, maji yanachuruzika tu. Naomba kuuliza tena: ile tuni inayorudi pale mwisho, ndiyo ya filimbi ya mwanzo kabisa, au nimeisikia vibaya?

#19 — Nyuzi_Sita

Hujasikia vibaya.